Mtaje Angali Hai

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Fungu la kusoma: Warumi 16:1-16)

 

Asubuhi hii nataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka nchi ya Uingereza, tena nyuma sana, zaidi ya miaka 350 iliyopita. Nataka niwajulishe mama mmoja. Yamkini hamjapata kulisikia jina lake. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa habari za wafalme na maaskofu na vita vya siku zile, lakini jina la mama huyu halikutajwa. Aliitwa Mary Harvey, na baada ya kuolewa akaitwa Lady Mary Dering. Kazi yake tunayomkumbukia leo ni utunzi wa nyimbo. Nyimbo zake zilizotufikia ni tatu tu. Lakini waliochunguza mambo ya muziki wa Uingereza wanatuambia kwamba hizo tatu ndizo za kwanza zinazojulikana kuchapishwa katika nchi ile zikiwa zimetajwa waziwazi kuwa ni kazi ya mwanamke.

Nitawaeleza kwanza alikuwa nani, kisha jinsi nyimbo hizo zilivyojulikana, kwa maana hapo ndipo lilipo fundisho letu la leo.

Mary alizaliwa mwaka 1629. Baba yake, Daniel Harvey, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa London. Baba yake mdogo au mkubwa, yaani ndugu wa baba yake, alikuwa William Harvey, yule daktari mashuhuri ambaye mwaka 1628 alitoa kitabu akaonyesha kwamba moyo husukuma damu, nayo damu huzunguka mwilini na kurudi tena moyoni. Watoto wetu wa shule hufundishwa habari hizo mpaka leo. Angalieni basi: katika jamaa moja, mwanamume aligundua jambo akaliandika kitabuni na jina lake likaenea dunia nzima, na mtoto wa ndugu yake alipewa karama nyingine, naye akakusudia kuificha.

Alipokuwa msichana alipelekwa shule ya wasichana mahali paitwapo Hackney, karibu na London. Mmojawapo wa rafiki zake wa shule alikuwa Katherine, ambaye baadaye, kwa jina la Katherine Philips, alikuwa mshairi wa kusifiwa sana. Mary hakuwa mtakatifu asiye na doa. Akiwa bado mdogo aliolewa kwa siri na kijana wa ukoo wake aliyekuwa akifanya kazi kwa baba yake. Baba alipojua aliikataa ndoa ile, nayo ikatanguliwa. Nadhani wazazi mnaonisikiliza mwaweza kujua maneno yaliyosemwa katika nyumba ile, na maneno yaliyosemwa na majirani.

Mwaka 1648, akiwa na miaka 18, aliolewa tena, safari hii mbele ya watu wote, na Sir Edward Dering wa Kent. Nyumba yao kubwa iliitwa Surrenden Dering, katika kijiji cha Pluckley. Mungu aliwapa watoto 17. Akina mama wanaonisikiliza wataelewa maana ya hesabu hiyo kuliko mimi. Na kama ilivyokuwa kwa wengi siku zile, baadhi yao waliwazika wangali wadogo.

Tena, ndugu zangu, siku zile hazikuwa siku za amani. Uingereza ilikuwa imegawanyika, upande mmoja Mfalme Charles na upande wa pili Bunge, na vita viliingia mpaka ndani ya nyumba za watu. Baba mkwe wake Mary, ambaye alikufa mwaka 1644, aliona nyumba yake ikivamiwa na askari na mali zake zikiporwa. Mwezi wa Januari 1649, Mary akiwa bibi arusi ambaye bado hajatimiza mwaka, Mfalme alikatwa kichwa hadharani mjini London.

Kanisa letu la Kianglikana lilipata mateso makali siku hizo. Maaskofu waliondolewa. Kitabu cha Sala kilikatazwa mwaka 1645, wala hakikurudishwa rasmi mpaka mwaka 1662, nacho kile kilichorudishwa ndicho kilichokuja kuwa mzazi wa Kitabu cha Sala Kwa Watu Wote tulichokipokea kwa Kiswahili. Mwaka 1644 Bunge liliagiza vinanda vya kanisani viondolewe. Kwaya za makanisa makuu zilitawanyika. Waimbaji waliokuwa wakila kwa kazi ya sauti zao wakabaki hawana kazi.

Mmoja wa waimbaji hao aliitwa Henry Lawes. Huyu alikuwa mwimbaji katika kanisa la Mfalme, na mtungaji mkubwa. Ndugu yake William, ambaye pia alikuwa mtungaji, aliuawa vitani karibu na mji wa Chester mwaka 1645. Mwaka 1648 Henry alichapisha kitabu cha Zaburi zilizotiwa sauti na wote wawili, yeye na marehemu ndugu yake, kuwa kumbukumbu. Kazi yake kwa Mfalme ilikuwa imekwisha. Basi alifanya nini ili apate mkate? Alifundisha muziki nyumbani, hasa akina mama na mabinti wa jamaa zenye uwezo. Na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Lady Mary Dering.

Hapa niseme neno juu ya kazi ya Lawes, kwa sababu wenzetu wa kwaya watafurahi kulisikia. Lawes alisifiwa kwa jambo moja hasa: alijua kuyapatanisha maneno na sauti. Hata mshairi mkuu John Milton aliandika shairi la kumsifu kwa hilo. Alipotunga, alitazama kwanza neno lenyewe: msemaji huliwekea uzito wapi, huvuta pumzi wapi, hupandisha wapi na kushusha wapi. Kisha sauti ikayafuata maneno kama mama anavyomfuata mtoto anayejifunza kutembea.

Sisi tunaoimba kwa Kiswahili twajua umuhimu wa jambo hilo, kwa kuwa tumeumia kwa kulikosa. Neno la Kiswahili huwekewa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini nyimbo nyingi tulizoletewa zilitungiwa lugha ya Kiingereza, ambayo mara kwa mara mstari wake huishia kwa silabi yenye nguvu. Tulipotia maneno yetu katika sauti zile, tukajikuta tunakandamiza silabi ya mwisho, mahali ambapo hakuna Mswahili anayekandamiza. Twaimba kwa moyo, na Mungu atusikia. Lakini sikio laona kama mtu amevaa koti la mwenzake.

Basi Mary alijifunza kazi hiyo kwa fundi mwenyewe. Mume wake aliandika mashairi, na yeye akayatia sauti. Nyimbo za siku zile zilikuwa na sauti moja ya juu ya kuimba, na chini yake sauti ya besi ya kupigwa kwa kinanda cha nyuzi. Kinanda hicho ni ndugu wa udi wetu wa Pwani. Hata jina lake la Kiingereza limetokana na neno lile lile la Kiarabu tulilopata sisi udi. Kwa hiyo mtungaji alipaswa kuwa na akili ya mambo mawili kwa pamoja: mwendo wa wimbo juu, na msingi wake chini. Mary aliyaweza yote mawili.

Nisiwafiche ninyi wasikilizaji: nyimbo zile tatu hazikuwa za dini. Zilikuwa nyimbo za mapenzi, za namna iliyopendwa wakati ule. Mtu aweza kuniuliza, “Kasisi, mbona watuletea nyimbo za mapenzi katika mazungumzo ya Neno la Mungu?” Namjibu kwamba mimi naona jambo jema katika nyumba ambayo mume aandika maneno na mke ayatia sauti. Vita vilikuwa vimepita mlangoni kwao, kaburi la mfalme lilikuwa bado jipya, na watoto walikuwa wakilia. Nao mke na mume walikaa pamoja wakatengeneza kitu kizuri. Laiti nyumba nyingi za Kikristo zingekuwa na saa moja kama hiyo kwa juma, badala ya mume kurudi usiku na mke kumsubiri kwa hasira.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Lady Mary hakutaka watu wajue. Alikuwa amekusudia nyimbo zake zibaki nyumbani kwake. Kwa mke wa bwana mkubwa kama yeye, kuona kazi yake ikiuzwa dukani pamoja na jina lake halikuwa jambo la heshima machoni pa watu. Yule rafiki yake wa shule, Katherine Philips, yalimpata hayo. Mwaka 1664 mashairi yake yalitolewa mjini London, naye akalalamika kwa uchungu kwamba yalichapishwa bila idhini yake. Katika mwaka huo huo akafa kwa ugonjwa wa ndui.

Lakini mwaka 1655 Henry Lawes alitoa kitabu chake cha pili cha nyimbo. Kiliuzwa na John Playford katika duka lake lililokuwa karibu na mlango wa kanisa la Temple, London. Mwanzoni mwa kitabu, mahali ambapo watungaji walizoea kumtaja mkuu fulani ili wapate zawadi, Lawes alimtaja Lady Dering, mwanafunzi wake. Akasema kwamba nyimbo nyingi za kitabu kile zilipata kung’aa kwa sababu mama yule aliziimba vizuri. Kisha akaendelea kusema jambo ambalo mama yule alikuwa amelificha: kwamba baadhi ya nyimbo zilizomo, tena zile ambazo yeye Lawes aliziona kuwa bora kabisa, hakuzitunga yeye. Zilitungwa na Lady Dering. Akakiri kwamba mama huyo alitaka jambo hili libaki siri, akaomba ruhusa alitangaze, akisema ni kwa heshima yake yeye mwalimu. Akamalizia kwa kusema kwamba ni watu wachache, wawe wanaume au wanawake, waliofikia ufundi kama wake.

Ndugu zangu, tafakarini kidogo. Lawes alikuwa mzee wa miaka karibu 60. Alikuwa amepoteza kazi, amepoteza ndugu, amepoteza mfalme. Kilichombakia kilikuwa sifa ya jina lake. Kitabu kilikuwa chake. Jina lililoandikwa juu ya jalada lilikuwa lake. Kama angalinyamaza, nani angalijua? Mary mwenyewe alitaka anyamaze! Nyimbo tatu zile zingalihesabiwa kuwa za Lawes, na wasomaji wangalimsifu Lawes. Lakini mzee yule aliona kwamba heshima yake haipunguki kwa kumpa mwenzake haki yake. Bali aliona ndiyo inayoongezeka.

Na jambo la pili ni hili: alisema wakati mama yule angali hai. Mary alikuwa na umri wa miaka 26 hivi. Lawes hakungoja mpaka siku ya mazishi.

Labda mmoja wenu anajiuliza kama Lawes alifanya vema. Je, Bwana Yesu hakutufundisha kwamba tutoapo sadaka, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume? Na kama mtu amechagua kujificha, kwa nini tusimwache katika unyenyekevu wake?

Swali hili ni zuri, nami nimelifikiri muda mrefu. Jibu nililolipata ni kwamba kuna wajibu wa namna mbili, nao hauko juu ya mtu mmoja. Wajibu wa atoaye ni unyenyekevu. Wajibu wa apokeaye ni shukrani. Bwana alimwambia mtoaji asijitangaze. Hakumwambia mpokeaji anyamaze. Wale wakoma kumi katika Luka 17 waliponywa wote, akarudi mmoja tu kushukuru kwa sauti kuu, na Bwana akauliza wale tisa wako wapi. Na yule mwanamke aliyevunja kibweta cha marhamu kule Bethania, katika Marko 14, hakusema neno hata moja juu ya tendo lake. Waliosema walikuwa wenye kumnung’unikia. Ni Bwana mwenyewe aliyesimama kumtetea, akasema kwamba popote Injili itakapohubiriwa, tendo lile litasimuliwa kwa kumkumbuka.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, unyenyekevu wa mwenzako usiwe kisingizio cha kunyamaza kwako. Yeye akinyamaza, ni wema. Wewe ukinyamaza, yaweza kuwa wizi.

Nasema neno hilo kwa uzito, kwa kuwa nami nimelitenda. Niruhusuni niwaeleze.

Nilipokuwa kasisi kijana katika kanisa moja la mashambani, kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga sokoni, na kila Jumamosi jioni alikuja kufagia kanisa. Hakusoma sana. Siku moja nilipokuwa nikitayarisha hotuba nilimsikia akiimba huku anafagia, wimbo ambao sikuufahamu. Nikamwuliza, “Mama, wimbo huo umeutoa wapi?” Akacheka, akaficha uso kwa leso, akasema, “Ah, Kasisi, ni vitu vyangu tu vya shambani.” Ulikuwa wimbo wa shukrani, na maneno yake yaliketi ndani ya sauti yake kama yai katika kiota. Hakuna silabi iliyokandamizwa mahali pasipo pake. Nikamwomba amfundishe mwalimu wa kwaya. Akamfundisha, na mwalimu akauandika kwa solfa, akaongeza sauti za wanaume.

Siku ya Ibada ya Mavuno askofu alikuja kututembelea. Kwaya iliimba wimbo ule, na watu wakasimama. Baada ya ibada, tukiwa mezani, askofu akauliza ni nani aliyetunga wimbo mzuri namna ile. Watu wakamtazama mwalimu wa kwaya, naye akainamisha kichwa akatabasamu. Askofu akampa mkono, akampongeza. Mama yule alikuwa pale pale, anapitisha sufuria ya wali. Alinitazama mara moja tu. Mimi nilijua. Nilikuwa na kinywa, na askofu alikuwa karibu nami kuliko kikombe changu cha chai. Lakini nilifikiri, nisimwaibishe mwalimu mbele ya wageni. Na tena, mama huyu hapendi kutajwa, alikwisha kuniambia ni vitu vyake tu vya shambani. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Nikanyamaza.

Hakulalamika. Aliendelea kufagia kanisa kila Jumamosi. Ila sikumsikia tena akiimba.

Baada ya mwaka mmoja nilihamishwa. Miaka mingi baadaye nilipata habari kwamba mama yule amefariki, nikaenda mazikoni. Kwaya iliimba wimbo ule ule, kwa sababu ulikuwa umekuwa wimbo wa kanisa lile, tena na makanisa ya jirani. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilisema yote. Niliwaambia kwamba wimbo mliouimba sasa hivi ulitungwa na huyu tunayemzika. Kulikuwa kimya. Kisha binti yake mkubwa, mwanamke mwenye watoto wake, akasema mbele ya watu, “Kasisi, wimbo huu nimeuimba tangu utotoni. Hakuna aliyeniambia ni wa mama.”

Maneno hayo ninayo mpaka leo. Nilitubu mbele za Mungu, nami naamini amenisamehe. Lakini kuna deni ambalo hata msamaha hauwezi kulipeleka kwa mwenyewe tena. Nilimtaja alipokuwa hawezi kusikia.

Kwa hiyo niliposoma habari za mzee Henry Lawes, na jinsi alivyomtaja mwanafunzi wake mbele ya watu wote angali hai, nililiona tendo lile kuwa kubwa kuliko wengine wanavyoweza kuliona.

Tuangalie sasa fungu letu, Warumi 16. Nakiri kwamba zamani nililipita haraka, kwa sababu ni orodha ya majina. Paulo amemaliza mafundisho makuu ya waraka, mambo ya haki na imani na neema, kisha anaanza kusalimu watu. Lakini tazama awatajao! Anaanza na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, asema kwamba mama huyu amewasaidia wengi, hata yeye Paulo. Anamtaja Priska pamoja na Akila mumewe, waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake. Anamtaja Mariamu aliyejitaabisha kwa ajili ya kanisa. Anawataja Trifaina, na Trifosa, na Persisi, wanawake wenye kufanya kazi kwa bidii katika Bwana. Anamtaja mamaye Rufo, ambaye asema amekuwa mama kwake pia. Katika mstari wa 22 hata Tertio, mwandishi aliyeushika wino, anapata nafasi ya kutoa salamu zake kwa jina lake mwenyewe.

Paulo hakuwa na nafasi ya kupoteza. Karatasi za siku zile zilikuwa ghali. Lakini aliona kwamba majina haya yafaa kuwekwa katika waraka ule ule unaoeleza neema ya Mungu. Nao walisomewa majina yao kanisani Rumi wakiwa wameketi pale, wanasikia kwa masikio yao.

Nyumba ya Surrenden Dering, ambayo Lady Mary alilea watoto wake, sehemu yake kubwa iliteketea kwa moto mwaka 1952. Vitabu na hati za ukoo ule vilikuwa vimekwisha kutawanyika kabla ya hapo. Sir Edward alifariki mwaka 1684; Mary aliishi ujane wa miaka karibu 20, akafariki mwaka 1704. Kama alitunga nyimbo nyingine, hazikutufikia. Zilizotufikia ni zile tatu, nazo zimefika kwa sababu mwalimu mmoja alikuwa mwaminifu. Wako watu wanaoziimba mpaka siku hizi, wakisoma jina la mtungaji juu ya ukurasa: Lady Mary Dering.

Mpenzi msikilizaji, kabla hatujaomba, nakuachia kazi ya juma hili. Fikiri ni nani ambaye kazi yake imevikwa jina lako. Wewe mwalimu wa kwaya, wimbo ule ulioupokea kwa mtu, umemtaja? Wewe mwenyekiti, shauri lile jema lililosifiwa katika mkutano, lilitoka kinywani mwa nani? Wewe mume unayesifiwa kwa watoto wenye adabu, ni nani aliyeamka nao usiku? Na wewe kasisi mwenzangu, ni nani anayefagia kanisa lako, na je, wamjua aimba nini?

Nenda ukamtaje. Si lazima iwe kwa sherehe. Simama siku ya Jumapili wakati wa matangazo, au sema mezani watoto wakisikia. Neno la dakika moja latosha. Akikuambia kwamba si kitu, usibishane naye. Huo ndio wajibu wake. Wewe timiza wako.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe utujuaye kila mmoja kwa jina lake, twakushukuru kwa karama ulizowapa watu wako, zilizo wazi na zilizofichika. Twakushukuru kwa akina mama wanaoimba jikoni na shambani, na kwa nyimbo ambazo wewe peke yako wamjua mtungaji wake. Utusamehe sisi tulionyamaza ilipotupasa kusema, na tuliopokea sifa zisizokuwa zetu. Utupe kinywa cha kushukuru wenzetu wakiwa hai, wala usituache tungoje mpaka kaburini. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana awe nanyi, na siku yenu iwe njema.